Walio chini ya ngazi: saa ya maofisa wadogo wa Enterprise

Kwa karibu miaka saba, mashabiki wa tamthilia ya Star Trek: The Next Generation waliitazama anga kwa macho ya wakubwa. Kapteni Picard aliamua, Riker akatekeleza, Data akapiga hesabu, Worf akakaa tayari kwa vita. Zaidi ya watu elfu moja waliishi ndani ya chombo chao, Enterprise, lakini wengi wao walionekana wakipita tu kwenye korido, au wakibonyeza vitufe kimyakimya nyuma ya kapteni.

Februari 1994, miezi michache kabla ya mfululizo huo kufika tamati, mambo yaligeuzwa. Sehemu iitwayo Lower Decks, yaani sitaha za chini, iliwaweka wakubwa pembeni na kuwapa uwanja vijana wanaopokea amri. Wazo lilitoka kwa Ronald Wilkerson na Jean Louise Matthias, mswada ukaandikwa na René Echevarria, na Gabrielle Beaumont akaongoza.

Ni msimu wa tathmini ya kazi, na kila kijana ana hofu yake. Sam Lavelle anajipendekeza kwa Riker, bosi anayeamini hampendi. Taurik, mtu wa sayari ya Vulcan asiyejua kuficha akili yake, anafanya kazi chini ya mhandisi mkuu La Forge. Alyssa Ogawa ni muuguzi anayemsaidia Daktari Crusher. Ben, mhudumu wa baa ambaye si mwanajeshi, ndiye pekee anayeongea na wakubwa bila woga. Halafu yupo Sito Jaxa, binti wa sayari ya Bajor, anayewania nafasi moja ya kazi na rafiki yake Lavelle.

Sito alishaonekana mwaka 1992, katika sehemu ya The First Duty. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha maofisa cha Starfleet wakati kikosi chake cha urubani kilipojaribu mchezo wa hatari uliopigwa marufuku. Mwenzao mmoja akafa, nao wakashirikiana kusema uongo ili kuficha kosa. Aibu hiyo bado inamwandama ndani ya Enterprise, na Picard anapomwita ofisini anamkumbusha bila huruma.

Anayemwinua ni Worf. Anamfunga kitambaa machoni na kumshambulia, akimwambia kuwa huo ni mtihani wa kale wa mapigano. Sito anaangushwa mara kwa mara, mpaka anavua kitambaa na kulalamika kuwa mtihani huo si wa haki. Hilo hasa ndilo Worf alilotaka kulisikia. Sito anarudi kwa kapteni na kumwambia waziwazi kwamba anastahili kupimwa kwa utumishi wake wa sasa. Hapo ndipo anapojua kuwa Picard mwenyewe ndiye aliyeomba apangiwe Enterprise, ili apate nafasi ya kujisafisha. Ule ukali wote ulikuwa kipimo.

Kipimo hicho kilikuwa na sababu. Joret Dal, Mkardassia anayelipelelezea kwa siri Shirikisho la Sayari, dola ya akina Picard, lazima arudishwe kwao bila kutiliwa shaka. Anahitaji mfungwa wa Kibajor wa kuonyesha mpakani, kwa kuwa Wakardassia waliikalia Bajor kwa mabavu kwa miaka mingi na mateka wa aina hiyo hangewashangaza. Sito anaelezwa hatari yote, na anakubali kwa hiari.

Nguvu ya sehemu hii imo katika kile ambacho marafiki zake hawaambiwi. Taurik anaamriwa kukiunguza kwa silaha chombo kidogo cha safari hiyo ili kionekane kimetoka vitani, lakini haelezwi kwa nini. Ogawa anamwona mgonjwa wa Kikardassia, kisha anaagizwa asifungue mdomo. Kila mmoja ameshika kipande kimoja cha siri, na hakuna mwenye ruhusa ya kuviunganisha. Hata mchezo wa poka, uliozoeleka kuwa starehe ya wakubwa, safari hii unachezwa katika vyumba viwili: wadogo wanabahatisha wanavyosemwa, huku wakubwa wakiwajadili.

Sito harudi. Mabaki ya chombo cha kujiokolea alichopaswa kurudi nacho yanaonekana ndani ya eneo la Wakardassia, na Picard anawatangazia wote chomboni kifo chake. Lavelle anapandishwa cheo kuwa luteni, na hajui kama amekipata kwa kustahili au kwa sababu mshindani wake amekufa. Hakuna mwili wa kuzikwa, wala maelezo kamili kwa waliompenda. Sehemu nyingi za mfululizo huo zilimaliza tatizo ndani ya saa moja. Hii inawaacha vijana wakiwa na maswali yao, na huo ndio ukweli wa kazi yao.

Uamuzi wa kuwapa wadogo uwanja ulizaa matunda. Mwaka 2020 Mike McMahan alianzisha mfululizo wa katuni wenye jina hilohilo, Star Trek: Lower Decks, kuhusu maofisa wadogo wa chombo cha Cerritos. Uliendelea kwa misimu mitano hadi Desemba 2024. Ni wa vichekesho, lakini mwaka 2023 ulimrudia Sito kwa uzito: Mariner, mhusika wake mkuu anayekorofishana na wakubwa na kukwepa kila cheo, anafichua kuwa Sito alikuwa rafiki yake chuoni. Mariner aliona jinsi amri inavyoweza kumpeleka rafiki kifoni, na hataki kuwa yeye anayeitoa.