Utumbo Wako Unatambua Mafuta

Umekula wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Sahani haijaisha, lakini umeshiba. Nani amekuambia umeshiba? Ni utumbo wako.

Chakula kikitoka katika mfuko wa tumbo huingia katika utumbo mwembamba. Katika ukuta wa utumbo huo kuna chembe ndogo sana. Hazionekani kwa macho. Kazi yake ni kama ya mlinzi mlangoni. Mafuta ya nazi, ufuta, korosho au samaki yakipita, chembe hizo huyatambua. Hapo hutoa kemikali inayoingia katika damu. Kemikali hiyo huitwa kolesistokinini. Wataalamu wa Marekani, Ivy na Oldberg, waliipa jina hilo mwaka 1928.

Kemikali hiyo hufanya kazi nne:

1. Hubana mfuko wa nyongo. Nyongo hutoka na kuyagawa mafuta yawe matone madogo, kama sabuni ifanyavyo kwenye sufuria.
2. Huamsha kongosho litoe maji ya kusaga chakula.
3. Hupunguza mwendo wa chakula kutoka katika mfuko wa tumbo.
4. Huuambia ubongo: inatosha.

Je, mafuta ni adui? Hapana. Kisamvu, mchicha na maembe mabivu hutupatia vitamini A, inayolinda macho. Mwili hauipati vizuri bila mafuta kidogo. Kwa hiyo wazee wetu wa Kilwa na Lindi wanaounga kisamvu kwa tui la nazi wanafanya jambo jema. Lakini ukila mafuta mengi kila siku, utumbo huyazoea. Walinzi husinzia. Unakula zaidi kabla ya kushiba, na mwili unanenepa kupita kiasi.

Sasa angalia dalili za ugonjwa.

Mtu mwenye mawe katika mfuko wa nyongo huumia baada ya kula mafuta. Mfuko unajibana, lakini jiwe limeziba njia. Maumivu huwa juu ya tumbo, upande wa kulia, chini ya mbavu. Huweza kufika mgongoni au begani. Usiseme ni chango tu, ukanywa dawa za mizizi na kungoja. Nenda zahanati. Ukiona homa au macho ya manjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtazame mtoto pia. Choo chake kikiwa cheupecheupe, chenye mafuta, kinanuka sana na kinaelea, mafuta hayasagwi. Vijidudu vya maji machafu huweza kuharibu ukuta wa utumbo. Mtoto hula lakini anakonda. Mpeleke zahanati mapema. Nyumbani, chemsha maji ya kunywa, tumia choo, nawa mikono kwa sabuni.

Maswali ya kujadili:

1. Nyongo hufanya kazi gani?
2. Kwa nini tunaunga kisamvu kwa nazi?
3. Ni dalili zipi za kumpeleka mtu hospitali siku hiyo hiyo?