Vitabu vya Majina ya Wenyeji wa Miji

Mtu akitaka kujua habari za babu zake, kwanza huwauliza wazee. Lakini wazee hufa, na watoto wa watu waliohamia mbali husahau hata jina la mtaa walikokaa baba zao. Hapo ndipo yafaa kutafuta maandiko. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani yako maandiko ya namna moja ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya kuwakumbuka watu, bali kwa ajili ya biashara tu. Nayo leo yamekuwa hazina kwao watafutao habari za jamaa zao. Ndivyo vitabu vya majina ya wenyeji wa mji.

Kitabu cha namna hii ni orodha. Majina yamepangwa kwa kufuata alfabeti, na baada ya kila jina imeandikwa kazi ya mtu huyo, na nambari ya nyumba yake, na jina la njia. Mfanya biashara alikinunua apate kujua wateja wake wakaa wapi, na tarishi apate kufikisha barua. Mwaka wa 1677 kilichapwa kitabu cha London chenye majina ya wafanya biashara wa mji ule. Huko Marekani mji wa Philadelphia ulipata vitabu viwili katika mwaka mmoja, 1785, na mji wa St. Louis ulipata cha kwanza mwaka wa 1821. Baadaye miji mingi mikubwa ikawa na vitabu vyake, na mara nyingi kipya kilitolewa kila mwaka.

Vilitengenezwaje? Mwenye kuchapa kitabu aliwaajiri watu wapite nyumba kwa nyumba, wakibisha hodi na kuuliza, Nani akaa hapa? Afanya kazi gani? Wakaandika walivyosikia. Kisha majina yakapangwa, na matangazo ya maduka yakatiwa ndani ili kusaidia gharama.

Labda utauliza, Je, serikali haikuwahesabu watu wake? Naam, serikali ya Marekani huwahesabu watu kila miaka 10. Lakini mwaka wa 1890 walihesabiwa watu karibu milioni 63, na karatasi za hesabu ile zikawekwa Washington. Mwezi wa Januari 1921 jumba lililokuwa na karatasi hizo lilishika moto. Nyingi ziliharibiwa kwa moto na kwa maji ya kuuzimia, na mabaki yakateketezwa baadaye. Leo yamesalia majina elfu 6 na kidogo tu. Basi atafutaye habari za mtu baada ya hesabu ya 1880 na kabla ya ile ya 1900 huona shimo la miaka 20. Waswahili husema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nao watu ni vivyo hivyo. Vitabu vya majina ya wenyeji, kwa kuwa vilitolewa mwaka kwa mwaka, husaidia kuliziba shimo lile.

Faida yake ni kubwa hasa kwa Wamarekani weusi. Katika hesabu za mwaka wa 1850 na 1860 jina la bwana liliandikwa, na chini yake watumwa wake walionyeshwa kwa umri, na kwa kuwa ni mume au mke, na kwa rangi. Majina yao kwa kawaida hayakuandikwa. Utumwa ulikomeshwa mwaka wa 1865, na hesabu ya 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika wote kwa majina. Tangu hapo twawaona katika vitabu vya miji: huyu seremala, huyu mpagazi, huyu mwanamke mfua nguo. Katika miji mingi jina la mtu mweusi lilitiwa alama ya nyota au herufi c, ili kumtenga na weupe. Alama ile iliwekwa kwa ubaguzi. Walakini leo wajukuu wao huifuata ili kuwatambua wazee wao kati ya watu wengi wenye jina lile lile.

Sasa tuangalie jinsi ya kuvisoma. Ili kupunguza nafasi maneno yalifupizwa, na maana yake huelezwa katika kurasa za mwanzo. Mara nyingi herufi h huonyesha nyumba ya mtu. Bds humaanisha kwamba alikaa na kula kwa malipo katika nyumba ya mtu mwingine. Na wid humaanisha mjane. Tuseme tunamtafuta mshoni mmoja. Katika kitabu cha 1886 twamwona na alama ya bds. Cha 1889 chasema h. Basi huenda katika miaka ile alioa, akapata makao yake. Katika kitabu cha 1897 jina lake halimo, bali katika nyumba ile ile yuko mwanamke mwenye alama ya wid, na jina la mshoni limeandikwa kuwa la marehemu mumewe. Sasa twajua miaka ya kutafuta habari za maziko yake, wala hatuna haja ya kufunua madaftari ya miaka 50. Tena vitabu vingine vina sehemu iliyopangwa kwa njia, nyumba baada ya nyumba. Humo twaweza kuona majirani, na duka la pembeni, tukajua mtaa mzima ulikuwaje.

Lakini msomaji na ajihadhari. Kwanza, kitabu cha mwaka fulani huonyesha mambo ya wakati majina yalipokusanywa, pengine mwaka uliotangulia. Pili, majina ya wageni yaliandikwa kama mwandishi alivyosikia. Basi tafuta kwa tahajia nyingi. Tatu, njia hubadilishwa majina, na nyumba hubadilishwa nambari. Chicago ulibadili nambari za nyumba nyingi mwaka wa 1909, hata nyumba isiyosogea hata hatua moja ikapata nambari mpya. Na huko St. Louis, mwaka wa 1902 Scott Joplin, mtunzi mashuhuri wa muziki wa piano, ambaye baba yake alikuwa mtumwa, alikaa katika njia ya Morgan, nambari 2658. Nyumba ile imehifadhiwa, lakini leo njia hiyo yaitwa Delmar. Mtu asiyejua hayo angetafuta jina la Delmar katika kitabu cha zamani, asiione nyumba ya Joplin.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote. Watoto hawakuandikwa, na katika vitabu vingi vya zamani mke wa mtu hakuandikwa mpaka alipokuwa mjane. Maskini waliohamahama walipitwa mara nyingi, hata na yule ambaye siku ile hakuwako nyumbani. Kwa hiyo jina lisipoonekana, usiseme, Mtu huyu hakuwako. Kitabu ni shahidi mmoja, naye hujua yale tu aliyoambiwa mlangoni. Mlinganishe na mashahidi wengine: daftari za ndoa na za maziko, hesabu za serikali, barua, na maneno ya wazee. Wakipatana, twaweza kuamini. Wasipopatana, yatupasa kuendelea kutafuta.

Vitabu hivi vimehifadhiwa katika maktaba, na vingi vimepigwa picha ili watu walio mbali wapate kuvisoma. Aliyebisha hodi zamani zile alitaka majina ya kuuza kitabu tu. Lakini kwa watu wengi waliofanya kazi maisha yao yote pasipo kusifiwa na mtu, mstari ule mmoja wenye jina, kazi na nyumba ni katika maandiko machache sana yaliyosalia ya habari zao.

Maswali

1. Kwa nini vitabu hivi vina faida kubwa kwa habari za miaka ya 1880 hadi 1900?
2. Alama iliyowatenga watu weusi imewafaaje wajukuu wao?
3. Kwa nini si vema kusema kwamba mtu asiyeandikwa hakuwako mjini?