Kiswahili Tumezaliwa Nacho, Fasihi Twaisomea

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Mombasa, kikombe cha kahawa mkononi, mara nikamwona dada yangu yuaja na binti yake. Binti macho yamemwiva. Alinipa shikamoo kwa sauti ya chini, nami nikamwitikia marahaba. Mama yake hakungoja hata kuketi.

"Kaka, mwambie mwanao aiwache hii fasihi. Mtoto wa Mswahili apate sita kwa ishirini! Na mwalimu mwenyewe ni mtu wa bara. Atamfunza nini? Kiswahili si tumezaliwa nacho?"

Msomaji wangu, kisa chenyewe ni hiki. Binti huyu ni miongoni mwa wanafunzi wa kwanza walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, katika mtaala huu mpya. Kiswahili cha kawaida anacho pamoja na wenziwe, lakini katika yale masomo matatu ambayo mwanafunzi hujichagulia mwenyewe, moja alilolichagua ni Fasihi ya Kiswahili. Sasa shuleni wamempa hadi Jumatatu aamue, abaki au abadilishe.

Niliiomba ile karatasi niisome. Mwalimu alikuwa amewapa shairi la "Mamba" la Abdilatif Abdalla, lililomo katika diwani yake ya Sauti ya Dhiki iliyotoka mwaka 1973. Binti yetu ameandika kwa Kiswahili safi, fasaha, hakuna kosa la sarufi hata moja. Amesema kwamba mshairi anatuonya tujihadhari na mamba wa mtoni, na kwamba shairi ni tamu na lina vina vizuri. Basi. Huko ndiko alikoanzia na ndiko alikomalizia.

Nilicheka kidogo, si kwa kumdharau, bali kwa kuwa nilijiona mimi mwenyewe. Mwaka 1990 nilikuwa kidato cha nne. Katika mtihani wa majaribio tulipewa shairi tulichambue. Mimi niliyehifadhi tenzi tangu utotoni, niliyekuwa nikitunga na kusifiwa harusini, niliona mtihani huu ni wangu. Nikaliandikia shairi lile majibu kwa shairi langu mwenyewe, beti nane, vina na mizani havikupotea. Mwalimu, naye alikuwa mtu wa bara, alinipa tano kwa ishirini. Chini akaandika kwamba nimejibu swali ambalo sikuulizwa. Nilimnunia muhula mzima. Alikuwa na haki.

Basi nilimwambia dada yangu akae, anywe kahawa, tuzungumze. Na niliyomwambia yeye na bintiye, nayarudia hapa kwa faida ya wazazi wenzangu wa pwani.

La kwanza, somo la fasihi halimuulizi mtoto kama anakijua Kiswahili. Hilo wanalichukulia kuwa tayari. Linamuuliza: mwandishi amesema nini, amelisemaje, na wewe umejuaje? Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani ambao kundi la mwisho la 8-4-4 limepangiwa kuufanya 2027, mwanafunzi hujibu maswali manne kwa muda wa saa mbili na nusu, kila swali alama 20. Hupewa dondoo, aseme maneno haya kasema nani, kamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Mtaala umebadilika, lakini maswali haya ndiyo roho ya somo, na hatarajii kuyakimbia yeyote aliyelichagua.

Nikamgeukia binti. "Mwanangu, madrasa ulifunzwaje kuhusu hadithi ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam? Mtu akikuletea hadithi, wamwuliza nini kwanza?"

"Isnadi, mjomba. Kaipokea kwa nani."

"Na aya ya Kurani, kabla ya kuifasiri?"

"Sababu ya kuteremka kwake."

Hapo ndipo alipoinua uso. Hasha, silinganishi maneno ya Mola na maandishi ya binadamu. Hayo hayawekwi kwenye mizani moja. Lakini adabu ya kusoma ni ile ile. Hoja ya fasihi isiyo na ushahidi kutoka kitabuni ni kama hadithi isiyo na isnadi, haipokelewi. Na shairi lililong'olewa katika wakati wake huwa bubu. Abdilatif alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi?, akatoka 1972, na mashairi ya diwani ile aliyatunga kifungoni. Ukishayajua hayo, mamba anayetakabari mtoni na kudhani ataishi milele, atakuwa mamba wa mtoni tu? Rudi kwenye beti, tafuta ni maneno gani yanayokwambia kwamba ni mwingine, uyanukuu. Hapo ndipo palipopotea zile alama kumi na nne.

La pili, atakutana na asiyoyazoea. Sisi wa pwani twajua kwamba mshororo wa shairi una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na kwamba utenzi una vipande vya mizani nane. Twajivunia Muyaka wa Mombasa, na Mwana Kupona aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858. Darasani atawakuta hao, lakini pia atamkuta Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyetoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mimi binafsi siyapendi sana. Lakini mwalimu hatamuuliza mtoto kama anayapenda. Atamuuliza mshairi amepata nini kwa kuviacha vina, na amepoteza nini.

La tatu ni lile linalowatia wazazi wengi hofu, na dada yangu hakulificha. Alisema vitabu hivi vina ulevi na uasherati. Kweli vimo. Chukua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, riwaya ya mwaka 1980. Maimuna anaangukia maisha ya danguro, na mzazi akifungua ukurasa mmoja tu atakitupa kitabu. Akisoma tangu mwanzo atamwona Bwana Maksuudi, baba mwenye hadhi mbele za watu, anayewafungia mkewe na binti yake ndani huku yeye mwenyewe hatendi anayoyahubiri. Mwandishi hakusifu uchafu. Ametuonyesha mlango ulioingilia. Mtoto anayefunzwa kuuona mlango huo amepata kinga.

Dada yangu alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Na huyo mwalimu wa bara?"

Nikamwambia: mwalimu huyo alikisoma Kiswahili kwa jasho, ukurasa baada ya ukurasa, ndiyo maana anaona tunayoyaruka. Sisi maneno twayameza bila kuyatafuna. Mtoto wetu anayo masikio, methali, tenzi za bibi yake. Akiongeza juu yake kuuliza na kuthibitisha, nani atamshika? Lakini akitegemea kuzaliwa nayo tu, atashindwa na mtoto wa Kakamega au wa Nyeri, na hatakuwa ameonewa.

Binti aliondoka na nakala yangu ya Sauti ya Dhiki, iliyochakaa jalada. Jumatatu jioni alinipigia simu. Amebaki, na mwalimu amemruhusu kuiandika upya ile kazi. Mama yake bado hajaridhika sana, ila ameomba kitabu kikirudi nacho akisome.

Nami kama ada yangu, namfungia ubeti:

Mwanangu chuo fungua, usome kisha ulize,
Lile unalolijua, rejea ulichunguze,
Hoja ukiinyanyua, na shahidi mtangaze,
Lugha hii kama ua, inyweshe uichanuze.