Kuuza gari kuukuu la spoti si kukabidhi ufunguo tu

Hebu fikiria, msomaji, kwamba hapo ulipo Gatina, ndani ya ua wa ploti, kuna Datsun ya milango miwili iliyofunikwa turubai. Majirani wameizoea. Watoto hucheza kando yake, na mwenye mkokoteni wa maji hulazimika kupinda ili aipite. Kwa mpita njia hicho ni chuma kikuukuu tu. Kwako wewe, ambaye umeibadilishia oili kwa miaka mingi na kutafuta spea zake duka kwa duka katika Barabara ya Kirinyaga, hiyo ni mali. Sasa karo ya muhula imekaribia na umekata shauri kuiuza. Je, utaanzia wapi?

Wengi huanzia kwa broka. Sisemi kwamba broka ni mtu mbaya, ila yeye huishi kwa gari linalotoka upesi, na gari linalotoka upesi Kawangware ni lile la kubebea mizigo au familia. Gari la viti viwili linalokunywa petroli halina foleni ya wanunuzi kwake. Kwa hiyo atakutajia bei ya vyuma vikuukuu, na ukiwa na haraka ya karo utaikubali.

Mnunuzi wa gari kama hilo ni mtu wa aina nyingine kabisa. Aghalabu ni mtu aliyekua akisimama kando ya barabara wakati wa Pasaka kutazama Safari Rally. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann alishinda mashindano hayo kwa Datsun 240Z, na mwaka wa 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka huo Mehta alimaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström, naye akapewa ushindi kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi bila kupoteza pointi. Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun. Mtu mwenye kumbukumbu kama hizo hanunui usafiri, bali ananunua ujana wake.

Isitoshe, magari haya hayaongezeki. Kwa kawaida sheria za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililopita umri wa miaka 8, kwa hiyo yaliyopo ni yale yaliyofika zamani na kunusurika. Lakini usilewe. Mnamo Januari 2020, 240Z moja iliuzwa kwa dola 310,000 katika mnada wa mtandaoni nchini Marekani, na tangu hapo kila mwenye Datsun hujiona tajiri. Gari lile lilikuwa limehifadhiwa kwa namna ya pekee. Lako limepita kwenye mashimo ya Barabara ya Naivasha. Lipeleke kwa wakadiriaji, kwa mfano Chama cha Magari cha Kenya, yaani AA, upate thamani iliyoandikwa kwenye karatasi. Mnunuzi akianza kupunguza bei, karatasi hiyo itakusemea.

Pia si lazima uende mbali kuona jinsi magari ya zamani yanavyopimwa. Panda Barabara ya Ngong hadi kwenye uwanja wa mashindano ya farasi, ambako kwa miaka mingi kumefanyika maonyesho ya Concours d'Elegance. Waamuzi hawatosheki na rangi inayong'aa. Huchungulia chini ya gari na ndani ya boneti. Mnunuzi wako naye atafanya vivyo hivyo. Atakuja na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na kuipitisha kwenye milango na juu ya magurudumu, kwa sababu sumaku haishiki pale ambapo kutu imefunikwa kwa pati nene. Kama pati ipo, mwonyeshe mwenyewe kabla hajaigundua. Akiigundua yeye, hataamini tena hata yale ya kweli utakayomwambia.

Usiipashe injini moto kabla hajafika. Mnunuzi mjuzi hutaka kuiona ikiwaka ikiwa baridi, na huutazama moshi: wa buluu ni oili inayoungua, wa rangi nyeusi ni petroli iliyozidi, na mweupe usiokoma ni maji yanayoingia kwenye injini. Risiti za fundi, hata zile zilizochakaa na kuingia mafuta, zipange kwa tarehe. Kwa maoni yangu, bahasha ya risiti ina thamani kuliko rangi mpya, kwani rangi mpya humfanya mtu ajiulize unaficha nini.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaponza wengi, yaani logibuku. Nambari ya chesi na ya injini zilizoandikwa humo ni lazima zilingane na zilizo kwenye gari. Magari mengi ya umri huu yamebadilishwa injini, na mabadiliko hayo yasipoandikishwa, mnunuzi ana haki ya kukushuku.

Lakini je, logibuku ina jina la nani? Katika familia nyingi gari kama hili lilikuwa la baba, naye baba ameshafariki. Hapo huna ruhusa ya kuuza, hata kama ni wewe uliyelitunza na ndugu zako wote wamekubali. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Anza na barua ya chifu, kisha uende mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Safari hiyo ni ndefu, na karo haitangoja. Ni heri ulijue hilo leo kuliko siku mnunuzi anapokuja na pesa.

Siku ya kulijaribu gari, kutaneni mchana kwenye kituo cha petroli chenye watu, si nyumbani. Mwombe leseni yake na kitambulisho, hakikisha bima yako inamruhusu kuendesha, kisha uketi kando yake. Usimwachie ufunguo akaenda peke yake, hata akikuachia simu yake kama rehani.

Malipo nayo yapitie benki. M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, na ujumbe wa simu unaodai kwamba pesa zimeingia huweza kughushiwa. Usiamini ujumbe, angalia salio lako. Hundi ya benki isadikishwe na benki yenyewe kabla ufunguo haujatoka mkononi mwako.

Baada ya hapo mtatia sahihi mkataba wa mauzo wenye tarehe na saa, kisha wewe muuzaji utaanzisha uhamisho kwenye eCitizen, katika huduma za NTSA, naye mnunuzi aukubali na kulipa ada. Fanyeni hivyo mkiwa pamoja, siku hiyo hiyo. Mnunuzi atakayesema kwamba atabadilisha jina mwezi ujao, mwambie gari litamngoja hadi mwezi ujao. Sheria ya Trafiki humhesabu aliyeandikwa kwenye rejista kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, nayo humtaka muuzaji kumwarifu msajili katika muda wa siku 7. Gari likigonga mtu Nakuru au likitumiwa katika wizi, polisi watakuja Gatina kubisha mlangoni pako.

Uhamisho ukishathibitishwa, iarifu kampuni yako ya bima kwamba gari si lako tena, na uulize kama kuna sehemu ya malipo unayoweza kurudishiwa. Bima yako haimfuati mnunuzi, kwa hiyo anapaswa kuwa na yake kabla gari halijatoka langoni.