Kuvu za Udongo, Dizeli ya Barabarani na Shaba ya Kilembe

Lori la mafuta linapopinduka katika barabara iendayo Mpondwe, wa kwanza kufika kwa amri ya serikali ni askari polisi. Kazi yake yajulikana: kuzuia moto, kuwaondosha wenye ndoo na madumu, kufungua njia. Lakini lori likisha kuvutwa hubaki jambo ambalo aghalabu halimo katika daftari la kituo, nalo ni ile dizeli iliyokwisha kunywewa na udongo. Katika gombolola ya Munkunyu, mahali ambapo maji ya Mto Nyamugasani hushuka kutoka Rwenzori kuelekea Ziwa Edward, jambo hilo si dogo hata kidogo.

Wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba zipo kuvu ziwezazo kuivunja sumu ya namna hiyo. Wala si uchawi. Mti uliaoanguka msituni huoza kwa sababu kuvu hupenyeza nyuzi zake ndani ya ubao na kutoa vimeng'enya, yaani protini zenye kuharakisha mabadiliko ya kikemia. Vimeng'enya hivyo huikata lignini, ile gundi iupayo mti ugumu wake. Kwa kawaida kimeng'enya ni kama ufunguo wa kufuli moja. Lignini, hata hivyo, haina umbo moja, na kwa hiyo vimeng'enya vyake havichagui sana: hushambulia vitu vingi vilivyojengwa kwa pete za kaboni. Sehemu iliyo hatari zaidi katika dizeli na oili chafu ina pete hizo hizo.

Mwaka 1983 wachunguzi wa Marekani walikitambua kimojawapo cha vimeng'enya hivyo katika kuvu iitwayo Phanerochaete chrysosporium. Mwaka 1985 ikatangazwa kwamba kuvu hiyo huivunja hata DDT. Habari hiyo yawahusu wakulima wa Munkunyu, kwani pamba ya Afrika Mashariki ilinyunyiziwa DDT kwa miaka mingi, na dawa hiyo hukaa ardhini muda mrefu mno.

Pamba hiyo hiyo yaweza kutoa msaada. Nchini Uganda uyoga wa chaza hukuzwa juu ya makapi ya mbegu za pamba. Uyoga ukisha kuvunwa, makapi yanayobaki huwa yamejaa nyuzi za kuvu zilizo hai. Udongo ulioloweshwa dizeli huchimbuliwa, ukachanganywa na makapi hayo, ukafanywa tuta mahali palipoinuka, mbali na mfereji. Tuta hufunikwa lisipigwe na mvua kubwa, hunyunyiziwa maji kiasi, na hugeuzwa ili hewa ipenye. Kazi ni ya wiki nyingi, pengine miezi, na matokeo hutofautiana. Kuvu iliyofanya vizuri katika chupa ya maabara yaweza kushindwa shambani na bakteria wenyeji wa udongo. Uyoga utakaochipua juu ya tuta hilo usiliwe, hata ukipendeza namna gani.

Hapa ndipo penye kosa linaloweza kuwagharimu watu wa Kasese. Wapo watakaosikia habari hizi na kudhani kwamba kuvu zitausafisha pia uchafu wa mgodi wa Kilembe. Mgodi huo ulichimbwa shaba tangu mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaacha mabaki yenye shaba na kobalti. Mafuriko ya Mto Nyamwamba ya mwaka 2013 na ya mwaka 2020 yaliyasomba baadhi ya mabaki hayo. Dizeli huvunjika kwa kuwa imeundwa kwa kaboni na haidrojeni, ikaishia kuwa hewa na maji. Shaba haivunjiki; ni elementi, na itabaki shaba leo na baada ya miaka elfu. Kuvu yaweza kuishika katika nyuzi zake, lakini nyuzi zikioza huiachilia tena.

Viumbe vidogo vimepata kutumika Kasese kwa kazi nyingine. Kuanzia mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilitumia bakteria kuyeyusha pairiti iliyorundikwa pale mjini, rundo la karibu tani milioni 1 ambalo maji yake ya asidi yalikuwa yakiunguza majani hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Bakteria hao hawakuila kobalti. Waliufungua mchanga ulioishika, nayo ikatolewa kwa mitambo na kuuzwa.

Tofauti hiyo yahusu pia karakana za magari ya jeshi na polisi. Oili chafu iliyomwagika kwa bahati mbaya yaweza kupelekwa kwenye tuta la makapi. Betri mbovu haiwezi: risasi yake haiozi, na asidi yake ikimwagika katika tuta hilo itaziua kuvu zenyewe kabla hazijaanza kazi.