Akiba haiozi, ila mbegu hufa

Juu ya kabati la jikoni kwa mama yangu, Kimara, kulikuwa na safu ya makopo ambayo mgeni akiyaona alidhani ni duka lililofilisika. Kopo la Africafe lilikuwa na mbegu za mgagani. Chupa ya dawa ya kikohozi ilikuwa na mchicha. Chupa ya jamu iliyopoteza kifuniko, ikazibwa kwa kipande cha khanga na mpira wa baiskeli, ilikuwa na bamia. Kopo la maziwa ya unga la mjukuu ambaye sasa yuko darasa la sita lilikuwa na kunde zilizochanganywa na majivu. Ukiomba kopo moja tu la kuwekea chumvi, ulijibiwa: "Hilo lina watu ndani."

Nilipohamia nyumba yenye uwanja wa nyuma, mdogo wa kuegesha bajaji mbili, nilimwendea mama kuomba mtaji. Akanipa chupa tatu. Nikapanda zote siku moja. Kunde zikaota. Mchicha ukaota kama umetumwa. Vitunguu, ambavyo ndivyo nilivyovitamani zaidi, havikuchomoza hata kimoja, na mimi nikamwagilia udongo mtupu kwa wiki tatu. Nilipompigia kulalamika, aliniuliza swali moja.

"Ulisoma karatasi?"

Ndani ya chupa kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kiliandikwa kwa kalamu ya risasi: vitunguu, 2017.

"Sasa mama, kwa nini ulinipa?"

"Nilidhani utasoma, mwanangu."

Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa fedha huenda ni kweli. Mtunza bustani hana raha hiyo. Mbegu ni kiumbe hai kilicholala. Inapumua taratibu mno, inakula chakula kidogo ilichobeba, na siku yake ikifika inakufa humo humo koponi bila kubadilika sura. Ya kitunguu ina maisha mafupi. Baada ya mwaka mmoja au miwili usiitegemee. Ya bamia nayo haikai sana. Ya nyanya ikitunzwa vizuri hufika miaka minne na kupita. Kwa hiyo kopo lililojaa si lazima liwe utajiri. Linaweza kuwa kaburi lenye kifuniko.

Kinachoua ni unyevu na joto. Mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington, aliacha kanuni nyepesi ambayo wahifadhi wa mbegu wanaitumia hadi leo: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, umri wake huongezeka mara mbili, na kila joto la ghala linaposhuka kwa nyuzi 5, umri huongezeka mara mbili tena. Kanuni hiyo ina mipaka yake, lakini ilinieleza jambo lililokuwa likinitatiza kwa mama. Yeye amekulia Lushoto, ambako bibi alitundika mbegu darini, juu ya mafiga. Moshi ulizikausha, wadudu wakazikimbia, na baridi ya milima ikafanya kazi iliyobaki. Mama aliihamishia desturi hiyo Dar es Salaam, mahali palepale, juu ya jiko. Ila jiko la Kimara ni la gesi. Halina moshi, lina mvuke wa wali na maharage, katika jiji ambalo hata chumvi hulowa yenyewe. Desturi ilisafiri, sababu yake ikabaki Lushoto.

Siku hizi makopo yamehamia chini ya kitanda, gizani. Ndani ya kila moja mama ametumbukiza kile kipakiti chenye chembe za kunyonya maji ambacho huja kwenye boksi la viatu. Wajukuu wameagizwa: kiatu kipya kikiingia nyumbani, kipakiti ni cha bibi. Asiye nacho hukaanga mchele bila mafuta hadi ukauke kabisa, akauacha upoe, akaufunga kwenye kitambaa na kuuweka koponi. Nao hunyonya maji.

Na kabla ya kupanda mbegu ya zamani, ipime. Chukua mbegu 10, zikunje kwenye kitambaa kibichi, weka ndani ya kopo lenye kifuniko kilicholegea, kitambaa kisikauke. Baada ya wiki moja hesabu. Zikiota 8, panda kama kawaida. Zikiota 4, mwaga mara mbili ya kawaida. Ikiota 1, wape kuku zilizobaki, isipokuwa zile za dukani zilizopakwa dawa yenye rangi, hizo fukia. Kitambaa kimoja kingeniokolea wiki tatu za maji.

Maji yenyewe yana hesabu yake. Kimara bomba likikatika, dumu la lita 20 linanunuliwa, na hakuna anayenunua maji ili ayamwage mara moja. Maji ya kuoshea mchele huenda kwenye mchicha. Ya kuoshea mboga huenda kwenye nyanya. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa hutobolewa kifuniko kwa sindano, ikakatwa kitako na kuchimbiwa kichwa chini pembeni ya mche. Ukiijaza jioni, asubuhi bado inadondosha.

Kiroba cha unga ndicho shamba lenyewe. Utaratibu wake ni uleule wa magunia ya sukuma wiki yanayoonekana Kibera, Nairobi. Unasimamisha kiroba, katikati unaweka kopo kubwa lisilo na kitako, unalijaza kokoto, na pembeni yake unashindilia udongo uliochanganywa na samadi. Unalivuta kopo juu kidogo, unajaza tena, hadi ufike mdomoni. Kopo likitoka, linaacha nguzo ya kokoto inayopeleka maji mpaka chini. Ubavuni unatoboa matundu na kuchomeka matembele. Nayo matembele hayahitaji mbegu: fungu ulilonunua sokoni, majani yanakwenda chunguni, vikonyo vinakwenda kwenye kiroba. Kwa mama hakuna anayenunua matembele mara mbili.

Zamani miche ilioteshwa kwenye mifuko ya rambo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ikapigwa marufuku Tanzania, na wakulima wa uani wakatafuta mbadala. Wengine walikata makopo ya maji. Mama alichagua gazeti. Zungushia kipande kwenye chupa ya soda, kunja kitako, chomoa chupa, jaza udongo. Mche ukikua unaupanda na gazeti lake. Linaozea humo bila kuusumbua mzizi. Kwa hiyo ewe msomaji, ukurasa huu ukikuchosha, usiutupe.

Lakini kuna kubana matumizi kunakokugharimu. La kwanza ni kuhifadhi mbegu za chotara, zile ambazo paketi yake imeandikwa F1. Watoto wake hawamfuati mama. Utapanda nyanya moja upate za kila namna. Ukitaka mbegu ya kurithisha, anza na aina ya kawaida kama Tanya au Tengeru 97, nyanya zilizoidhinishwa nchini mwaka 1997. Kamua ute wake kwenye bilauri yenye maji kidogo, acha siku mbili au tatu uchachuke, osha, anika kwenye sahani. Ule ute ndio unaoizuia mbegu kuota. La pili ni maboga ya aina mbili yaliyopandwa jirani: nyuki hawajali mipaka, na msimu ujao utavuna boga usilolijua. La tatu ni maganda ya mayai. Wengi huyarundika kwenye nyanya inayooza kitako, lakini ganda huchukua muda mrefu kulainika, na mara nyingi mkosaji ni umwagiliaji wa leo ndiyo kesho hapana. Na la nne halina mjadala: kopo lililobeba dawa ya wadudu halioteshi mboga, hata ulisugue mara kumi.

Bamia ya mbegu mama haiachi kwa bahati. Huchagua mche uliozaa vizuri kuliko yote, akafunga kitambaa chekundu kwenye tunda lake la mapema. Nyumba nzima inajua maana yake. Chungu kinaweza kupungukiwa mboga, tunda hilo haliguswi mpaka likauke na kupasuka.

Kilichonichelewesha kuelewa ni tabia yake ya kugawa. Mtu anayekataa kutoa kopo tupu humjazia jirani gao la mbegu bila kuulizwa. Sharti lake ni moja: ukivuna, rudisha. Niliuona ni ukarimu tu, tena unaopingana na ubahili wake.

Kisha zikaja mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023. Paa lilivuja usiku, juu ya kabati, wakati makopo yalikuwa bado huko. Kopo la Africafe, ambalo kutu ilikuwa imelila mfuniko, liliingia maji, na mgagani wote ukaota humo humo, ukaoza. Mama alilifungua, akanusa, akalifunga. Ilikuwa mbegu aliyoitoa Lushoto.

Wiki chache baadaye alikuja dada mmoja wa mtaa wa pili na mfuko wa karatasi. Alikuwa amechukua gao lake miaka mitatu nyuma, akapanda, akavuna, akapanda tena. "Mama, nilichelewa kurudisha," alisema kwa aibu. Mama alimkalisha na kumwandalia chai.

Hata benki kubwa za mbegu, zinazoziweka baridini, hupima uotaji kila baada ya muda na kupanda upya zinazoanza kudhoofika. Huwezi kuitunza mbegu kwa kuiweka tu. Lazima uitumie ili iwepo, na iwepo kwa watu wengi ili paa moja likivuja isiishe yote.

Mama alitafuta chupa kavu, akazimimina zile mbegu za mgagani, akaandika mwaka kwenye kikaratasi. Kabla hajafunga, alichota gao moja akanikabidhi.

"Hizi zako," alisema. "Zipande mwaka huu huu."