Sakafu ya Tela Huoza Kiangazi

Pikipiki ya theluji yenye uzito wa kilo 250 hupita juu ya theluji laini ambayo mtu akiikanyaga kwa miguu huzama hadi magotini. Mashine hiyo hutembea kwa mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini yake, na mbele hubebwa na skii mbili, kwa hiyo uzito husambaa na hakuna mahali panapolemewa. Ipandishe kwenye tela, mambo yanageuka. Wanaoendesha kwenye barafu hufunga njumu kwenye mkanda, wengine 96, wengine 144, na ncha za njumu nyingi ni za kabaidi ya tungsteni, ambayo ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni kama 9 (almasi ni 10). Juu ya theluji njumu huzama na mpira ndio unaobeba mzigo. Juu ya mbao hazina pa kuzama, hivyo uzito unasimama kwenye ncha chache zinazogusa chini, kila moja ikiwa na upana wa milimita chache tu.

Mashine hizi ni za nchi za baridi kali. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, mji wa kwao huko Quebec, Kanada, alihangaika na magari ya theluji tangu ujana wake. Majira ya baridi ya 1934 alifiwa na mwanawe mdogo, theluji ikiwa imefunga njia ya kwenda hospitali. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa mkanda, na mwaka 1959 akaingiza sokoni Ski-Doo, mashine ndogo ya burudani. Siku hizi, kuanzia Quebec hadi Minnesota, watu huzivuta kwa gari hadi kwenye njia za theluji, nyingi zikiwa juu ya tela lenye fremu ya alumini na sakafu ya plaiwudi ya milimita 18 hivi.

Sakafu hiyo haiumii sana mashine inapotulia. Huumia inapopanda na kushuka. Dereva akigusa mafuta kidogo tu, mkanda unateleza na njumu zinachimba. Akikata usukani, ufito wa chuma ulio chini ya skii, wenye makali ya kabaidi, unachonga mfereji.

Mwenye tela hutazama mashimo hayo na kudhani ameuona ugonjwa wenyewe. Hayo ni mlango tu. Plaiwudi ni matabaka membamba yaliyogundishwa, nyuzi za kila tabaka zikikatiza nyuzi za lile la chini yake. Uso wa mbao hunywa maji polepole, lakini ncha za nyuzi zilizokatwa huyanywa upesi sana, na kila njumu inapotoboa hufungua ncha mpya. Hapo huingia maji ya barabarani, nayo ni maji ya chumvi, kwa sababu barabara za huko hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Maji yaliyokolea chumvi yanaweza kukaa bila kuganda hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, kwa hiyo yanazidi kupenya wakati maji ya kawaida yangekuwa yamegeuka jiwe. Chumvi iliyobaki ndani ya mbao huvuta unyevu wa hewani, na sakafu haikauki sawasawa.

Ajabu ni kwamba baridi yenyewe haiozeshi. Kuvu wanaokula mbao wanahitaji joto na unyevu, na kwenye baridi kali hulala. Kazi yao huanza theluji ikiisha, tela likiwa limeegeshwa nyuma ya nyumba na mwenyewe ameshalisahau. Majira ya baridi hutoboa, kiangazi huozesha. Mwezi wa Novemba mtu anapanda juu ya tela lake na sakafu inabonyea chini ya mguu.

Ndiyo maana siafiki ushauri unaopendwa sana wa kutandika mpira mzito ukuta kwa ukuta, hasa mikeka ya mabanda ya farasi. Mkeka mmoja wa mita 1.2 kwa 1.8 una uzito wa kilo 45 hivi, na chini yake maji yaliyokwisha kuingia hayana pa kutokea. Macho yanaona sakafu nzuri, kumbe kuvu wamejengewa nyumba.

Njia ya bei nafuu ni kulinda pale panapoumia tu. Mikanda iliyochakaa ya kusafirishia kokoto na madini huuzwa kwa bei ya chini kwenye machimbo na kwa wauzaji wa vyuma chakavu. Kata kipande kirefu cha kukaa chini ya mkanda wa pikipiki, ukiacha nafasi wazi pande zake ili mbao zipumue. Wengine hukata mkanda mkuukuu wa pikipiki yenyewe na kuutandaza. Kazi yake ni ile ya soli ya akala: mwiba uishie kwenye mpira.

Chini ya skii, mpira unang'ang'ania. Hapo panafaa vipande viwili virefu vya polietilini, kimoja kwa kila skii, plastiki inayoteleza na isiyovunjika hata kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Ila hutanuka na kusinyaa sana. Kipande cha mita 2.4 kinaweza kubadilika urefu kwa zaidi ya sentimita moja kati ya Januari na Julai, kwa hiyo matundu ya skrubu yatobolewe marefu, la sivyo kitajikunja.

Anayebadilisha sakafu nzima ajihadhari na mbao zenye dawa. Baada ya viwanda vya Marekani kuacha dawa yenye arseniki kwa mbao za nyumbani mwishoni mwa 2003, dawa nyingi zilizofuata zina shaba nyingi zaidi. Shaba na alumini zikikutana penye maji ya chumvi huzaa mkondo mdogo wa umeme, na inayoliwa ni alumini, yaani fremu. Afadhali plaiwudi ya kawaida yenye gundi ya kustahimili maji, ipakwe rangi pande zote kabla ya kufungwa, kingo zikipakwa mara mbili au tatu. Mafuta ya kitani pia hufaa. Matambara yaliyotumika kuyapaka yatandazwe nje yakauke, kwani yakirundikwa yanaweza kuwaka moto yenyewe.

Theluji ikiisha, fungua vile vipande, osha sakafu kwa maji baridi mengi kuondoa chumvi, kisha inua mbele ya tela ili maji yatiririke nyuma. Vipande virudishwe mbao zikishakauka kabisa.